Kiganja Mezani

Katika jiji lile hakuna anayeagiza chakula. Unaweka kiganja juu ya meza, meza inausoma moyo wako, na jiko linakupikia unachokitamani kuliko vyote. Raya na mumewe Kombo, wageni waliofika asubuhi ile kutoka Pemba, walikuwa wamezurura mchana kutwa wakichekana kama maharusi, mpaka walipoingia mkahawani na Kombo akatangulia kuweka kiganja.

Ukaja mkate wa kumimina, wa moto, umenyunyiziwa habasoda.

Kicheko kikamkauka Raya mdomoni. Yeye mkate wake huutia iliki tu, na Kombo hachoki kuusifu. Mtaani kwao aliyekuwa akinyunyiza habasoda alikuwa mmoja: Salha, mtalaka wa Kombo.

“Kumbe Salha hajakutoka?”

“Mke wangu, mimi sijaagiza kitu.”

“Ungeagiza ningekusamehe.”

Kombo akamega kipande, akala amefumba macho. Kisha akayafumbua, akamtazama.

“Haya, weka na wewe kiganja. Tuone.”

Raya akaificha mikono yake ndani ya buibui, akasema hana njaa.