Nyasi za Akiba

"Hakuna hata alama moja ya kwato," mpimaji ardhi alisema huku akiandika. "Eneo hili halina mwenyewe."

Kwa miezi saba Timiro na wafugaji wenzake wa Balambala walikuwa wameizungushia mbuga hii miiba, mbuzi wao wakikonda nje, ili nyasi zibaki akiba ya kiangazi. Leo kujinyima kwao kumegeuzwa ushahidi dhidi yao!

"Hii majani iko na wenyewe, wallahi. Tumewekea jua kali."

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Kesho trekta inaanza kulima."

Karibu na kiatu cha mpimaji, kipozamataza akachomoka kwenye nyasi. Ndege huyo mdogo wa rangi ya vumbi hutaga chini, na sasa alikuwa amebaki humu tu, mahali pasipokanyagwa. Timiro akainama. Mayai matatu yenye madoa ya kahawia, hakuna lililozidi kokwa ya tende. Akaligusa moja kwa ncha ya kidole. Lilikuwa bado na joto.

Alisimama akaenda langoni moja kwa moja. Aliyavuta matawi ya miiba kwa mikono mitupu, damu ikimtiririka hadi kwenye viwiko, kisha akawapigia mbuzi mluzi.

Wakaingia wote mia mbili, wakisukumana kwa njaa. Juu yao kipozamataza alizunguka akilia.

Timiro hakutazama chini.

"Kwato umeona sasa?" alimfokea mpimaji. "Andika!"