Hukumu ya Simu Ishirini na Sita

Saa saba na nusu mchana Mwalimu Kucera aliingia darasa la nane na boksi la viatu, akazoa simu zote ishirini na sita bila kusema kwa nini, akazifungia kwenye droo ya meza yake. Kisha akateremsha mapazia, na nje jua la Oktoba la Nebraska lilikuwa linawaka vizuri tu.

Darasa likachemka. Mwaka mzima mwalimu huyu hakuwahi kugusa simu ya mtu.

"Hamtaki?" akasema, jasho likimtoka. "Wiki nzima tumesoma mihimili mitatu ya serikali. Haya, itumieni. Mkinishinda kisheria, nitatii."

Ukisema hivyo mbele ya watoto wa miaka kumi na tatu, umejitakia mwenyewe. Viti vikaburuzwa. Ishirini wakawa Bunge. Watano wakawa Mahakama, na Jaji Mkuu akawa Maren Osbeck, msichana mwembamba anayebishana hata na kamusi. Tanner Pohl, ambaye sifa yake kubwa ni kuchekesha watu, akachaguliwa Rais.

Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha simu ndani ya dakika mbili. Kucera akasema hapana, rudini, someni kifungu kwa kifungu, kila mbunge ana haki ya kuzungumza. Basi wakazungumza, wote ishirini. Mwenyewe hakutulia hata kidogo: dirishani, mlangoni, dirishani tena, akichungulia kwenye upenyo wa pazia.

Sheria ilipofika kwa Rais, mwalimu akamvuta pembeni. Tanner akarudi anajikuna kichwa.

"Naikataa," akasema. "Nasikia nina haki hiyo."

"Amekuhonga nini, we Tanner?" mbunge mmoja akauliza.

"Hajanihonga. Kaniomba tu."

Bunge likapiga kura upya. Walihitaji kumi na wanne ili kumpiku Rais. Wakapata kumi na tisa. Kucera, badala ya kukubali yaishe, akakimbilia Mahakamani. Watu wazima wana vituko jamani. Huyu huyu aliyewaimbia siku tano kwamba hakuna aliye juu ya sheria, sasa anatafuta kila kichochoro cha kupenyea. Alijitetea robo saa nzima, akirudia yale yale.

"Mwalimu," Maren akamkatiza, "una hoja mpya, au unatupotezea muda?"

"Naomba dakika kumi zaidi, Mheshimiwa Jaji."

"Za nini?"

Kucera akamtazama. Kisha akageuka, akachungulia tena dirishani.

Majaji wakainamiana, wakanong'onezana. Watatu kwa wawili.

"Uliahidi kutii," Maren akasema. Hakuwa anacheka. Kati ya walimu wote, Maren alimpenda huyu zaidi, na ilimuuma kumwona anakwepakwepa namna ile. "Simu zirudishwe sasa hivi. Rais, tekeleza."

Gari lilisimama nje. Kucera akaruka hadi dirishani, akachungulia, mabega yakamshuka. Tayari Tanner alikuwa ameshaifikia droo, na ufunguo ulikuwa umeachwa pale pale. Akalitoa boksi, akaanza kugawa kuanzia safu ya nyuma, huku darasa likigonga meza na kumshangilia Jaji Mkuu.

"Tanner, acha," mwalimu akasema. "Mama yake hajafika bado."

Kwa kelele zile hakuna aliyeuliza mama wa nani.

Simu zikawaka, moja baada ya nyingine. Safu ya nyuma ikanyamaza. Kisha ya katikati. Tanner, boksi likiwa bado kwapani, akaitazama ya kwake na kuisoma kwa sauti kama kawaida yake, bila kufikiri.

"Mama anasema wamemfukua Bwana Osbeck chini ya mahindi yaliyomfunika ghalani mwake, lakini wamechele..."

Maren Osbeck alikuwa bado amenyoosha mkono, akisubiri apewe ya kwake.