Majina ya Jicho

Siku hizi mashine ya hospitali haimtibu mtu mpaka ataje mwenyewe, kwa jina la kitabibu, sehemu inayomsumbua. Ukimnong'oneza mgonjwa, mnarudishwa nyumbani wote.

Macho na masikio ya Bi Mwanaidi yalikuwa yakififia pamoja. Wakaanza na macho, maana alitamani kuona sura ya mjukuu. Mwaka mzima binti yake, Hidaya, alimfundisha huku akichambua mchele: konea, lenzi, retina. Mwishowe ikabidi ampigie kelele sikioni.

Zamu ilipofika, mashine ikauliza kwa upole, "Nini kinakusumbua?" Ikauliza mara tatu, kisha ikazimika.

Bi Mwanaidi alikuwa ameketi wima, majina yote yakiwa mdomoni.

"Mwanangu," akasema kwa sauti kubwa, "mbona hawaniulizi?"