Kijani cha Geti

Kioo, kama wenzake pale pa kuoshea magari walivyomwita kwa jinsi alivyoyang'arisha, aliugeuza udongo kiganjani akaduwaa.

Ulikuwa ule udongo laini wa kung'olea uchafu ulioganda kwenye rangi ya gari. Alikuwa akiupitisha polepole juu ya boneti jeusi lenye povu, nao ulikuwa umenasa vitone vya kijani, vidogo kama chembe za chumvi.

Kijani hicho hakiuzwi duka lolote. Alikikoroga mwenyewe kwa masalia ya makopo ya rangi, na juzi fundi alikuja kukitumia kulipulizia geti la nyumbani kwake, yeye akiwa kazini.

"Vipi, umeona jini?" alicheka mwenye gari, rafiki yake wa tangu utotoni.

"Gari lako limerukiwa na rangi."

"Mafundi wa barabarani hao, hawana macho!"

"Juzi hukupita kwangu?"

"Kwako? Mwaka huu mzima sijakanyaga! Hata shemeji atakuwa ameshanisahau sura. Msalimie sana."

Udongo ulimponyoka Kioo, ukaangukia mchangani.

Kwa jambo hilo alikuwa mkali kuliko wote pale. Udongo ukianguka chini, hutupwa hapo hapo, maana mchanga ulionasa utalichana gari la watu kama kucha za paka.

Kioo aliinama, akauokota. Hakuupangusa. Akaurudisha juu ya boneti, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, akaanza kusugua.