Neno Moja la Bwana Chola

"Soma tena," Syntiche alimwambia binamu yake.

Merdi akausoma tena ujumbe kwenye simu, polepole, kama mtu anayekanyaga mawe bila viatu: "Adalbert Mwaba died without issue."

Adalbert alikuwa fundi umeme katika mgodi mmoja upande wa Zambia. Alikufa huko juzi, na hapa Lubumbashi, nyumbani kwake Katuba, kilio kilikuwa kimejaa watu. Hakuna aliyejua alivyokufa. Donat, mdogo wa marehemu, alikuwa amemwandikia wakili wa mgodi, Bwana Chola, awaeleze yote. Chola akajibu maneno hayo tu, kwa Kiingereza cha ofisini, kisha akazima simu.

"Died, ni alikufa," Merdi alieleza. "Without, ni bila. Issue, ni shida. Alikufa bila shida. Pole pole, mu usingizi."

Syntiche akashusha pumzi. Alitamani sana iwe hivyo. Yeye ndiye mtoto pekee wa Adalbert. Baba alimbeba mabegani miaka mingi, mpaka majirani wakamtania kwamba binti huyu atasahau kutembea. Tangu juzi alikuwa akijiuliza jambo moja tu: je, baba aliteseka?

"Wewe na Kingereza yako ya juzi juzi!" Donat akamkatiza Merdi. "Issue, ni Français hii. Hamuonake kile kibao ku mwisho ya avenue? Voie sans issue. Njia haina pa kutokea. Kaka yangu alifungiwa mu mine, akakosa pa kutokea."

Wanawake wakapiga yowe upya. Penye wengi pana mengi: huyu alikwisha kusikia habari za mwamba ulioanguka, yule habari za moshi, na kila mmoja aliapa. Syntiche alimwona baba gizani, akigonga ukuta, akiita.

"Baba Donat, wewe unajua Kibemba," akasema. "Mupigie Chola, umuulize mu Kibemba."

"Muache," mama Virginie, aliyemzaa Syntiche, akasema kutoka kwenye mkeka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa siku hiyo. "Muntu amekwisha kufa. Munatafuta nini tena?"

"Mama, niko nataka kujua tu kama aliteseka."

"Ukijua, utamufufua?"

Watu wakamwonea huruma mjane. Ni uchungu, walisema. Donat akapiga, simu ikakataa. Akapiga tena na tena. Jua lilikuwa limeshageuka Chola alipopokea, na Donat akatoka nayo uani. Syntiche alimtazama kupitia mlangoni akirudia swali kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo.

Aliporudi hakukaa.

"Hakuteseka," akasema. "Ni moyo ulisimama, mu usingizi."

Syntiche akalia, safari hii kwa shukrani. Merdi akainua mikono kama aliyefunga bao.

"Na wewe pia hukupata, Merdi," Donat akasema. " Ni neno ya tribunali. Issue, ni batoto. Alikufa bila kuacha mutoto."

Syntiche akacheka katikati ya machozi. "Na mimi niko nani? Ulimuambia?"

"Nilimuambia." Donat alikuwa akitazama chini. "Anasema ni baba yako mwenyewe alimuambia, mbele ya bashahidi, na akaapa."

Nyumba nzima ikamgeukia mama Virginie, ikimngoja akatae.

"Mimi nilizani hakujua," akasema.