Chumba ya Bantu Babili

Nilikuwa kwa simu na mama ya hoteli ya Baraka, natafuta chumba ya siku tatu, kisha ya ndoa yetu. Asubui mi nitakuwa naloba samaki, Arlette anachagua bitenge kwa soko.

"Kitanda moja ao mbili?" mama akauliza.

"Moja, mama. Tunaoana juma hii." Akacheka.

Ile saa nikaona baba mudogo ya Arlette anakuja kwetu, anakokota mbuzi. Kwa shingo iko kamba nyekundu. Mi mwenyewe niliifunga, siku tulipeleka mahari.

Akafunga mbuzi kwa mulango yetu. "Arlette amekatala, mutoto yangu. Pole."

"Alo, bwana arusi?" mama akaita. "Niandike bantu babili?"

Mbuzi ilinikumbuka. Ikaanza kulamba mukono yenye simu.