Mizunguko Kumi ya Ijumaa

Kila Ijumaa, kwa miaka kumi na tisa, fundi Sekiboko alizungusha kwa mkono panga la mbele la ile ndege kuukuu ya kumwagia mashamba mbolea, mara kumi, injini isije ikakwama. Halmashauri ilimwahidi kwamba ndege itaruka tena. Ijumaa hii akaikuta imewekwa pambo juu ya nguzo sokoni, inang'aa rangi mpya, vigelegele kila upande.

"Fundi, ndege yako si hiyo imepaa!" Bi Mwanshamba wa chapati akamtania.

Sekiboko akamgeukia mchomeleaji aliyeifunga pale nguzoni. "Na injini?"

"Ilikuwa nzito, mzee wangu. Imeuzwa chuma chakavu."

Sekiboko akapanda ngazi, akalishika panga. Lilizunguka jepesi mno. Akahesabu hadi kumi, akaliachia. Likaendelea kuzunguka, na watu wakashangilia.